Nani Aliyeendesha Bobini

Swali lililonisumbua kwa muda mrefu, na ambalo mafunzo yangu yote ya historia hayajanisaidia kulijibu, ni hili: mtu akila kiapo mbele ya mahakimu kwamba kazi fulani hakuifanya yeye, kisha baada ya miaka arobaini na sita akadai kwa hasira kwamba ndiye aliyeifanya, tumwamini yupi kati ya hao wawili? Niliwahi kudhani kwamba swali hili ni la wanafunzi wangu. Mwaka 2012 lilikuja nyumbani kwangu kwa posta.

Barua zifuatazo ni zangu na za shangazi yangu, Enid Tattersall, dada pekee wa marehemu baba yangu, Cyril. Tuliandikiana kwa sababu simu haikuwa na faida tena: shangazi alipoteza usikivu wake kidogo kidogo, kwa kusimama miaka kumi na mitatu kando ya vipaza sauti. Sikupunguza neno, hata pale nilipotamani kupunguza.

Judith Tattersall
Manchester

*

Manchester, 11 Februari 2012

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba upepo wa Silloth haujang'oa tena vigae vya paa lako. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Graham bado analalamikia goti lake, ingawa halimzuii kwenda uwanjani kila timu yake inapocheza nyumbani, kwa hiyo huruma yangu nimeipunguza. Mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo na hakuna anayeitaja. Mbwa wako hajambo? Mwaka jana uliandika kwamba ameanza kukataa ngazi.

Mji umejaa wageni kuliko nilivyowahi kuuona. Wanakuja kwa mpira, kwa majumba ya sanaa, kwa mikutano ya biashara kwenye ukumbi mkubwa uliokuwa stesheni ya treni, na Ijumaa jioni wanakuja makundi ya wasichana wanaomuaga mwenzao anayekaribia kuolewa. Ningali nawaongoza kwa miguu kila Jumamosi asubuhi. Siku hizi wengi huuliza habari za muziki wa zamani, na mimi huwapitisha Mtaa wa Garrod na kuwaeleza habari za Bobini.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kamati yetu ya vibao vya ukumbusho imekubali kuweka kibao cha buluu kwenye ukuta wa Bobini. Maneno nimeyaandika mimi: "Hapa Cyril Tattersall alianzisha na kuendesha klabu ya Bobini, 1961–1974, mahali pa kwanza mjini pa kucheza dansi mchana." Pazia litavutwa Jumamosi tarehe 16 Juni. Ningefurahi mno kama ungekuja. Baba angefurahi.

Mwanao akupendaye,
Judith

*

Silloth, 9 Machi 2012

Judith,

Mimi mzima. Vigae vipo. Mbwa alikufa Januari, sikukuandikia kwa sababu usingekuja kumzika. Mwambie Graham apake mafuta ya kafuri na aache kulalamika.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita. Niliiweka nyuma ya saa, nikasema nitaijibu hasira ikipoa. Nimengoja wiki tatu na ushee. Haijapoa, na chai yangu imepoa mara nyingi, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Cyril alianzisha nini? Cyril alikuwa muuza mazulia. Alikuwa muuza mazulia mzuri, sitamnyima hilo, angeweza kumuuzia zulia mtu asiye na sakafu. Bobini yeye aliingia siku za Alhamisi tu, akasimama karibu na mlango na suti yake ya kijivu ili aonekane, akaondoka. Mimi ndiye niliyetafuta ile ghorofa iliyokuwa ghala la nyuzi. Mimi niliyepaka kuta. Mimi niliyefikiria kwamba wasichana wa maofisini wana saa nzima ya chakula na hawana pa kwenda ila kukaa kwenye ngazi za maktaba na mkate mkavu, basi wape supu ya njegere na muziki, waingie saa sita, warudi kwenye mashine zao saa saba wakiwa na mashavu mekundu. Bendi nilizichagua mimi. Waliokuja wamelewa niliwatoa mimi, kwa mkono huu.

Jina lake lilikuwa juu ya mlango kwa sababu sheria ilitaka jina la mwenye leseni liandikwe juu ya mlango, na mahakimu wasingempa leseni msichana wa miaka ishirini na mitano asiye na mume. Kila mtu mjini alijua maana ya jina juu ya mlango. Wauza nyama walijua. Wewe, mwenye digrii tatu, umelisoma ukaliamini.

Lifute.

Shangazi yako,
Enid

*

Manchester, 20 Machi 2012

Shangazi mpendwa,

Pole sana kwa mbwa. Ni kweli kwamba nisingekuja, na nimeona aibu kulisoma hilo.

Nimeisoma barua yako mara nne. Sitaki ufikiri kwamba naipuuza. Ninachokuomba ni kuelewa hali yangu. Kamati haina budi kutegemea nyaraka. Daftari la leseni lina jina la baba kwa miaka yote kumi na mitatu. Magazeti mawili ya mji yalimpiga picha yeye. Mkataba wa pango una sahihi yake. Jina lako sijalikuta isipokuwa kwenye tangazo moja la mwaka 1963, ambamo umetajwa kama mhudumu.

Sisemi kwamba nyaraka hazikosei. Nimeutumia utu uzima wangu kuwafundisha vijana kwamba hukosea. Lakini pia nimewafundisha kwamba kumbukumbu hubadilika kila inapotolewa kabatini, na kwamba tuliobaki hai huwa tuna nafasi ya kusema ambayo waliokufa hawana. Baba hawezi kujibu. Hilo linanitia wasiwasi, na pengine linanitia wasiwasi kupita kiasi, sina hakika.

Je, unayo barua yoyote, risiti, picha?

Mwanao,
Judith

*

Silloth, 2 Aprili 2012

Judith,

Jirani yangu amepata mjukuu, mtoto wa kiume, kichwa kama kabichi. Hiyo ndiyo habari ya huku.

Picha sina. Aliye na kazi mikononi hapigwi picha, anapigwa aliyesimama mlangoni na suti.

Unataka shahidi, nami nitakupa mmoja. Mwaka 1966 palikuwa na mtoto wa miaka tisa aliyeletwa Bobini siku za likizo kwa sababu mama yake alikuwa na kazi sokoni. Mtoto huyo aliketi kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, kwa sababu ya nne ilikuwa na msumari. Alikula supu, akaacha njegere zote chini ya bakuli kama malkia. Aliniona nikilipa bendi. Aliniona nikimshika ukosi jamaa mmoja mkubwa wa bandarini, nikamshusha ngazi. Aliniuliza kwa nini napiga kelele sana, nikamwambia hapa kazini hapana mwingine wa kupiga.

Yuko wapi mtoto yule? Anafundisha chuo kikuu. Ananiuliza kama nina risiti.

Enid

*

Manchester, 6 Mei 2012

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Palikuwa na mitihani, kisha Graham akapasuliwa goti, na sasa ameketi sebuleni kama sultani akiagiza chai. Lakini hizo si sababu za kweli. Nilichelewa kwa sababu nilitaka kukuletea jibu jema.

Niliwaeleza wanakamati kile ninachokikumbuka. Niliwaambia kwamba ngazi ile naikumbuka, na supu, na sauti yako. Niliwaambia pia, kwa kuwa niliona ni haki, kwamba mtoto wa miaka tisa hawezi kujua nani ana mamlaka na nani anafanya kazi tu kwa bidii. Mwenyekiti wetu, Bwana Hargreaves, ambaye ni mtu mpole, alisema kwamba kila klabu ilikuwa na shangazi wa mtu jikoni, na kamati haiwezi kuwapa wote vibao. Watu walicheka kidogo. Mimi sikucheka, ila sikusema neno.

Hata hivyo wamekubali kuongeza maneno. Kibao sasa kitasomeka: "Cyril Tattersall, akisaidiwa na dada yake." Najua si yote uliyoyataka. Naamini ni hatua.

Judith

*

Silloth, 10 Mei 2012

Judith,

Dada yake.

Nina jina. Nilibatizwa nalo kanisani Ancoats kwa maji baridi. Paka wa Bobini alikuwa na jina, aliitwa Meya, na wacheza dansi wote walilijua. Kama ukuta una nafasi ya kuandika "akisaidiwa na dada yake", una nafasi ya herufi nne.

Mwambie Bwana Hargreaves mpole kwamba shangazi wa jikoni anauliza kama mama yake naye alikuwa na jina au alikuwa mke wa mtu tu.

Na wewe ulikaa kimya. Hilo umelirithi kwa baba yako. Naye alikuwa hodari wa kukaa kimya watu wakicheka.

Pazia hilo likivutwa, nitakuja na kopo la rangi nyeusi. Nina miaka sabini na mitano, watanifanya nini?

E.

*

Manchester, 19 Mei 2012

Shangazi,

Leo sitaanza na mvua wala goti.

Nimevumilia barua tatu za matusi kwa sababu nilikuwa nakulinda, nawe hukujua. Sasa ujue. Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya karatasi niliyoipata kwenye hifadhi ya nyaraka za mahakama mwaka 2006. Ni kikao cha mahakimu wa leseni cha Novemba 1966. Polisi walipinga leseni kuendelea. Inspekta aliandika kwamba Cyril Tattersall ni jina tu, na kwamba anayeendesha mahali pale hasa ni dada yake, mwanamke asiyeolewa anayeishi na mwanamuziki katika chumba cha juu. Ndiyo, shangazi: mtu pekee aliyewahi kuandika kwamba Bobini ilikuwa yako ni polisi aliyetaka kuifunga.

Nawe ukaitwa, ukaapa. Nanukuu: "Mimi ni mpishi wa supu. Mambo yote ya klabu ni ya kaka yangu. Mimi sina uamuzi wowote pale na sijawahi kuwa nao." Sahihi ni yako. Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho ungali unauandika hivyo hivyo.

Nimeificha karatasi hii miaka sita. Sikuionyesha kamati, hata walipocheka, kwa sababu sikutaka jina lako liingie kwenye kumbukumbu za mji kama la mtu aliyeapa uongo, au kama la mwanamke aliyesemwa vile na inspekta. Nilichagua kukuacha nje ya hadithi kuliko kukuingiza kwa mlango huo. Unanilaumu kwamba nimekufuta. Aliyekufuta wa kwanza ni wewe, kwa mkono wako, mbele ya mahakimu watatu.

Judith

*

Manchester, 9 Juni 2012

Shangazi,

Wiki tatu zimepita na hujajibu. Nilimpigia jirani yako. Amesema umeonekana ukinunua samaki, kwa hiyo najua huumwi.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia, au labda ilikuwa kali kama nilivyokusudia na ndiyo maana najuta. Baada ya kufikiri sana nimeona kwamba siwezi kusimama chini ya pazia lile nikijua ninachokijua, wala siwezi kudai maneno mengine bila kuitoa karatasi ile. Jana nililiondoa pendekezo langu. Hakutakuwa na kibao Mtaa wa Garrod, wala cha baba wala cha mtu mwingine. Nadhani hilo ndilo la haki zaidi kwenu nyote wawili.

Judith

*

Silloth, 28 Juni 2012

Judith,

Umeniletea maneno yangu kwenye bahasha kama mtu anayerudisha sahani chafu.

Nimeyasoma. Ni yangu. Niliyasema nikiwa na kofia ya kuazima. Kinachonikera si kwamba umeyasoma. Kinachonikera ni kwamba umekaa nayo tangu 2006 na hukuuliza swali moja ambalo mtoto yeyote angeuliza: kwa nini? Baba yako alikufa 2009. Miaka mitatu aliketi kwenye kiti kile cha dirishani, akili yake timamu, chai mkononi, na karatasi ile kwenye saraka yako. Unasema aliyekufa hana nafasi ya kujibu. Alikuwa nayo miaka mitatu. Mbona hukumuuliza?

Nitakwambia mara moja na sitarudia. Inspekta alisema kweli. Mwanamuziki alikuwa Alvin Prendergast, mpiga tarumbeta, mtu mweusi wa Kingston, aliyeishi mtaa wa Moss Side kabla ya kuja kwangu. Mahakimu walitaka wasikie kwamba Cyril ndiye bwana wa pale. Kama Cyril angekataa, Bobini ingefungwa siku ile na watu kumi na wanne wangekosa kazi. Cyril akasema ataapa, kwa sharti moja. Alvin aondoke, si chumbani tu bali mjini, kwa sababu wateja wa mazulia wameanza kusema. Nilikuwa na usiku mmoja wa kuchagua. Nilichagua Bobini. Alvin alikwenda Bristol na hakuandika, wala simlaumu.

Miaka minane baadaye Cyril aliiuza leseni kwa watu wa mashine za kamari. Nilisikia kwa muuza nyama.

Sasa unaniletea ukuta mtupu na kuuita haki. Sikuomba ukuta mtupu. Niliomba jina. Ukinipima na Cyril ukaona uzito sawa, basi mizani yako ni ya muuza mazulia.

Nakuja. Jumamosi tarehe 14 Julai nitakuwa kwenye matembezi yako. Nimekata tiketi kama mgeni yeyote. Nitasimama mbele, maana nasoma midomo, na nitataka kuona unawaambia nini watu.

Enid

*

Manchester, 22 Julai 2012

Shangazi mpendwa,

Natumaini ulifika salama na kwamba basi la kutoka Carlisle lilikungoja. Graham anakusalimu. Anasema katika miaka thelathini hajawahi kumwona mtu akimaliza pai yake ya nyama na viazi, kisha akamwambia mpishi aliyempa kwamba haikuwa na chumvi.

Nataka kuandika yaliyotokea Jumamosi ile, ingawa ulikuwepo. Sisi wawili tumeona madhara ya kuachia karatasi za wengine zituandikie.

Mlikuwa kumi na watatu chini ya nguzo za maktaba: wale mume na mke kutoka Norwei waliokuja kwa uwanja wa mpira, madaktari wanne wa meno waliotoroka mkutano wao, wasichana sita wenye kanda za waridi kifuani wakimuaga mwenzao, na wewe, na koti lako la mvua limefungwa mpaka kidevuni. Hukunisalimu. Ulinyoosha tiketi nikaichana. Saa nzima nilieleza pamba na viwanda na mabenki, na kila nilipogeuka nilikuta macho yako kwenye midomo yangu. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu asiyesikia.

Tulipofika Mtaa wa Garrod nilisimama pale ninaposimama siku zote, mbele ya ule mlango mkubwa wenye ngazi za mawe. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya uangalifu: "inasemekana", "kwa mujibu wa baadhi ya kumbukumbu". Nilipokutazama yakanipotea. Nilisema kwamba klabu hii iliendeshwa na Enid Tattersall kwa miaka kumi na mitatu, na kwamba jina lililokuwa juu ya mlango lilikuwa la baba yangu.

Nilitazamia chochote isipokuwa ulichokisema.

"Mlango upi?"

Nikakuonyesha huu tuliosimama mbele yake.

"Huo ulikuwa wa ofisi ya tajiri wa pamba. Umewasimamisha watu hapa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mungu wangu, Judith. Hawa umewatoza pesa."

Wasichana walicheka, na mmoja akaniambia nisijali, mama, hata yeye Ijumaa alipotea akaingia hoteli ya watu wengine. Wewe ulikuwa umekwisha kukata kona. Tukakufuata sote, madaktari wa meno wakiruka madimbwi, hadi kichochoroni nyuma, kwenye mapipa ya taka na bomba linalotoa moshi wa mafuta ya baa ya siku hizi. Uliusukuma mfuko mmoja wa taka kwa mguu. Nyuma yake palikuwa na mlango mwembamba uliozibwa kwa matofali. Ulisema ndipo walipoingia wasichana elfu na elfu, kwa sababu tajiri wa pamba hakutaka wapiga chapa na muziki kwenye ngazi zake. Ila Cyril alipewa ufunguo wa mbele, kwa heshima, na akapita huko pamoja na binti yake, maana kichochoro hakikumfaa mtoto.

Bibi arusi mtarajiwa alikuuliza kama ulikuwa ukicheza dansi. Ilibidi arudie ili usome midomo yake. Ulimjibu, kwa hasira ile ile uliyonijibu nayo mimi, kwamba ulikuwa kazini. Kisha ukamwambia kama huyo mwanamume atataka jina lake tu liwe kwenye hati ya nyumba, amwache kanisani na maua yake. Yule wa Norwei alipiga picha ya matofali. Sasa ipo picha, shangazi. Umo ndani yake, mkono kiunoni.

Mimi nilisimama nikifikiri kwamba kama kamati ingenisikiliza, kibao cha baba yangu kingekazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa tajiri wa pamba. Na nilifikiri jambo lingine ambalo sikuweza kukuambia pale. Kila ninachokikumbuka cha Bobini, nilikiona nikiwa nimeingia kwa mlango wa Cyril.

Stesheni nilikuuliza kuhusu Alvin Prendergast. Niliuliza kama baba alilitamka sharti lile kwa maneno hayo, au kama ulikisia anachokitaka ukakitimiza kabla hajakiomba. Najua lilikuwa swali la kikatili. Ulinitazama midomo mpaka mwisho, kisha ukatazama ubao wa treni.

"Unataka na hilo niapie?" ukasema, na ukapanda.

Nimechukua fomu mpya ya kamati. Ipo mezani ninapoandika. Jina la anayekumbukwa: Enid Tattersall. Mahali: mlango wa nyuma. Ushahidi: karatasi ya inspekta, karatasi ya kiapo chako, na maelezo yangu mwenyewe, niliyoyaandika upya bila "pengine" hata moja. Kuhusu kazi nakuamini, na naona haya kwamba ilinichukua kichochoro kizima kukuamini.

Lakini fomu ina sehemu nyingine. Inataka sababu ushahidi wowote ukipingana na pendekezo, nacho kiapo chako kinapingana nalo, na mwenyekiti ameniambia waziwazi kwamba bila sababu hawatalisoma. Nikiandika ulichoniambia, namshtaki baba yangu kwa jambo ambalo shahidi wake ni mmoja, na nitalitia sahihi mimi. Nikiandika kwamba mahakimu wa siku zile waliwadharau wanawake, nitakuwa nimesema kweli, na kibao pengine kitapita, na Alvin Prendergast atakuwa ameondolewa mjini mara ya pili.

Ulitaka kujua mbona sikumuuliza baba. Sikumuuliza kwa sababu niliogopa atajibu. Ndiyo maana siwezi kuamua sasa: sijui kama ninaitilia shaka hadithi yako kwa kuwa ina upungufu, au kwa kuwa mimi ni mtoto wake, na mtu wa kunipima katika hilo ni mimi mwenyewe, ambaye tayari nilikosea mlango. Nimeijaza fomu yote. Sehemu ile ina mistari mitatu. Leo ni siku ya tano naiacha tupu, na kikao ni Alhamisi.

Mwanao,
Judith